Benchi la Nje ya Geti

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, mlinzi wa shule alikuwa akimsaidia mzazi mmoja kukunja miguu ya suruali. Mzazi huyo, dereva wa lori mwenye kitambi cha heshima, alikuwa ndiyo kwanza amevuka geti, na sasa alikuwa mvulana mwembamba wa kidato cha pili, ameishikilia suruali isimdondoke. Mlinzi alichomoa pini kwenye kopo lake.

"Ukitoka uniachie pini yangu. Wenzako huondoka nazo."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi ni mlinzi."

"Ndiyo, mwalimu."

Ndivyo mambo yalivyokuwa shuleni hapo. Mzazi aliitwa ili afokewe, na akivuka geti alirudia umri wa mwanafunzi, kimo hadi chunusi. Akitoka alipata ukubwa wake na kwenda zake kazini. Mwalimu wa nidhamu hakuona tatizo. Alisema wazazi wa namna hiyo hawabishi, na kiti kimoja huwatosha wawili.

Kipaza wa kidato cha nne, aliyepewa jina hilo na bweni zima kwa sababu ya mdomo wake, aliyajua hayo yote. Ndiyo maana alipofukuzwa akalete mzazi, alileta fundi viatu wa nje ya geti, amemvalisha tai na kumpa cheo cha baba mdogo.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Alikichukua kiunzi cha mifupa cha maabara ya baiolojia, akakikalisha kwenye mkutano wa walimu. Hakuna aliyekigundua hadi ilipoletwa chai nacho kikaiacha ipoe. Kufikia hapo kilikuwa kimeshachaguliwa katibu wa kamati ya michezo. Kipaza akaambiwa: hakuna mzazi, hakuna mtihani wa mwisho.

Mwalimu wa nidhamu alimtazama fundi viatu, aliyejaa mlangoni kama kabati.

"Mbona hujapungua?"

"Nilikunywa uji mzito, mwalimu."

"Wewe si ndugu wa huyu. Ndugu hupungua." Akavua kiatu chake cha kushoto. "Lakini kwa kuwa umekuja, soli hii inafunguka."

Basi ilibidi aje mama mwenyewe. Kipaza hakutaka. Mama yake alikuwa fundi cherehani, mtu wa kuheshimika, mwenye wateja waliomwita mama mkubwa ilhali hawakuwa na undugu naye. Alikuja amejishonea gauni lenye kamba kiunoni. Alipovuka geti akavuta kamba, na gauni likamkaa vizuri tu yule msichana wa miaka kumi na minne aliyegeuka kuwa.

"Mwanao huwa anafanya nini nyumbani?" aliuliza mwalimu wa nidhamu.

Mama alikuwa amejiandaa njia nzima. Akafungua mdomo.

"Naomba msamaha, mwalimu."

"Nimekuuliza anafanya nini."

"Sitarudia, mwalimu."

Kengele ikalia. Wanafunzi wakamiminika, wakambeba hadi kwenye somo la jiografia, ambako alikutwa hana kazi ya nyumbani. Akapewa adhabu ya kufagia nyuma ya jiko. Kipaza akachukua ufagio akamfuata.

"Mama, kaa kivulini. Nitamalizia mimi."

"Nyamaza wewe, tutaongezewa."

Mwalimu wa darasa, dada mmoja wa hesabu ambaye chaki haikumtoka kwenye nywele, aliwakuta hapo. Hakuuliza kitu. Alimshika msichana mkono, akamtoa nje ya geti, akamkalisha kwenye benchi la fundi viatu. Mama akalegeza kamba huku akijaa taratibu.

"Mama, sikukutoa nje nikufokee. Nataka unieleze huyu mtoto."

Mama akageuka nyuma kuona anaambiwa nani. Hapakuwa na mtu.

"Huyu bila kelele haelewi," akasema mwishowe. "Mimi nashona, cherehani inanguruma, yeye ananisomea kwa sauti. Hapa kwenu mnamnyamazisha, basi kichwa kinajifunga. Baiolojia yote ninayo. Niulize moyo."

Mwalimu akamuuliza moyo. Mama akaueleza, chumba kwa chumba na mshipa kwa mshipa, hata fundi viatu akaacha kugonga.

Mwalimu wa darasa akarudi ndani, akamdhamini Kipaza kwa jina lake mwenyewe, akampa stoo ya madawati mabovu asomee humo kwa sauti. Wenzake waliokuwa wakifeli wakaanza kwenda kumsikiliza, kwanza kumcheka, halafu kuandika. Mtihani akaruhusiwa kuufanya, na akaufanya akinong'ona.

Walimu wengine nao wakaanza kutoka nje na wazazi. Dereva wa lori alikalia benchi na kitambi chake chote, akaeleza kwamba binti yake haoni ubaoni. Binti akasogezwa mbele. Fundi viatu alilalamika kwamba hana pa kuweka viatu, lakini hakuhama, maana umbea ulikuwa mtamu.

Habari zikamfikia mkuu wa shule, akafurahi mno. Alisema kwenye mkutano kwamba jambo zuri kama hilo haliwezi kuachwa barabarani kama yatima. Akapendekeza uzio usogezwe ulizunguke benchi. Kiunzi cha mifupa, ambacho hakikuwahi kukosa mkutano tangu kichaguliwe, hakikupinga. Mwalimu wa darasa alinyoosha mkono, akaambiwa maswali ni mwisho, na mwisho ulipofika ikaletwa chai.

Siku ya uzinduzi benchi lilikuwa limepakwa rangi za shule, na juu yake pana kibao: Kituo cha Ushirikiano na Wazazi. Fundi viatu alikuwa amehamia ng'ambo ya barabara. Mlinzi alipewa kopo kubwa zaidi la pini.

Mama wa Kipaza alialikwa kuwa wa kwanza kuketi. Akaketi. Miguu yake haikufika chini.

"Mama, umekionaje kituo chetu?" aliuliza mkuu wa shule.

"Naomba msamaha, mwalimu."

Watu wakapiga makofi. Kipaza akapiga magoti mbele ya benchi, akaivuta kamba ya gauni iliyokuwa imelegea, akamfungia mama yake kwa fundo la mizunguko miwili, kama alivyokuwa akifungwa yeye viatu zamani, kabla hajajua kuvifunga.