Usipochagua, Tunaweka Injini

Usiku wa jana niliota nimeteuliwa mwenyekiti wa kamati ya ajira, na walioomba kazi ni programu za kurekodi skrini.

Wamekaa kwenye benchi nje ya chumba changu hapa Uyole, wamevaa suti, wameshika bahasha za kaki. Kazi yenyewe ni moja tu: kumrekodi baba yangu akicheza gemu la malori kwenye kompyuta yangu. Baba alifariki mwezi wa nne, na ndotoni nalijua hilo vizuri, lakini kamati haijaniuliza.

Anaingia wa kwanza.

"Mimi ni wa bure," anasema. "Sharti langu dogo tu. Kila ninachorekodi nakigonga muhuri."

"Wapi?"

"Katikati."

Anatoa muhuri mfukoni, ananyoosha mkono kupitia dirisha na kumgonga baba kwenye paji la uso: TOLEO LA MAJARIBIO. Baba anajifuta kwa leso. Haufutiki. Naandika kwenye karatasi kwamba mwombaji ana uzoefu.

Wa pili naye ni wa bure, ila kwa dakika kumi.

"Zikiisha?"

"Zikiisha mzee ananyamaza."

Wa tatu si programu. Ni kisanduku cha chuma, vile vya kurekodia vinavyochomekwa kati ya kompyuta na skrini ili kompyuta isielemewe. Amekuja na mkewe, waya.

"Mimi sina matatizo," anasema. "Mwenye matatizo ni kompyuta yako."

Najua ninachotakiwa kusema. Natakiwa kumwambia mmoja wao, yeyote, aanze kazi leo. Badala yake nasimama na kusema, "Tunawashukuru. Kamati itakaa."

Nisisingizie ndoto, hivi ndivyo nilivyofanya nikiwa macho. Baba, Mzee Mwaijande, aliendesha malori miaka thelathini na moja, Dar es Salaam hadi Tunduma, mpaka kiharusi kilipomchukua upande wa kulia. Nikamfungulia gemu la malori. Akawa anaendesha kwa mkono wa kushoto na kusimulia, kila kona na habari zake. Kisa kimoja tu alikibania: siku breki zilipomkatikia kwenye mlima Kitonga, mwaka niliozaliwa mimi, na jina alilolitaja akijua anakufa. "Hicho nitakisema mtambo wako ukiwa tayari," alisema. "Sisemi mara mbili."

Mtambo ukachukua miezi mitatu. Nililinganisha. Niliuliza kwenye kundi la wataalamu, mmoja akajibu "inategemea," wengine kumi na mmoja wakampa dole gumba. Kila Jumapili baba aliuliza kama nimechagua, huku akigusa kioo cha skrini kwa dole gumba kana kwamba ni simu, na kila Jumapili mimi nilikifuta kioo na kumgombeza. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Honi inalia. Benchi limekuwa kiti cha lori, nami nimekaa upande wa utingo. Jua la saa saba linachoma. Baba yuko kwenye usukani, muhuri bado uko kwenye paji la uso, na tunapanda Kitonga.

"Kamati imekaa?" anauliza.

"Bado."

"Sawa."

Fremu zinaanza kudondoka. Kwa kawaida programu ikielemewa huruka baadhi ya picha, na wenyewe tunasema fremu zimedondoka. Hapa zinadondoka kweli, mbao kwa mbao, zinaanguka kwenye lami nyuma yetu. Mkono wa baba uko kwenye gia, halafu uko kwenye usukani, katikati hakuna kitu. Nachungulia nyuma. Zile za katikati zimelala barabarani, na malori ya nyuma yanazikanyaga.

Kwenye kona inasimama mizani, imevaa miwani, inatuonyesha kiganja.

"Mmezidisha uzito," inasema. "Mna picha, mna injini, na mna mzee anayeongea. Kimoja kinashuka."

"Mzee asishuke!"

"Kwenye programu, kisanduku cha maikrofoni ulikiweka alama ya vema?"

"Sikukiona."

"Kiko palepale siku zote, chini ya kisanduku cha sauti ya gemu." Inashusha miwani, inanitazama vizuri. "Usipochagua, tunaweka injini."

Inanyoosha mkono na kuichukua sauti ya baba, iliyokuwa imekaa juu ya dashibodi pamoja na chupa ya chai, inaipeleka kwenye rafu. Rafu ni ndefu. Imejaa sauti za wazazi wa watu, zote zimefunikwa vizuri zisipate vumbi. Inanipa risiti.

Hili nalo ni la kweli. Nilirekodi safari moja, saa mbili na robo, Jumapili yake ya mwisho. Kisa cha Kitonga alikisimulia chote. Mimi nilikuwa natazama ukubwa wa faili unavyoongezeka, nikiangalia kama fremu zinadondoka. Sikusikiliza, maana si inarekodiwa? Nikaifungua baada ya arobaini. Lori linapanda, linashuka, linapiga honi. Saa mbili na robo za injini.

Sasa baba anafungua mdomo na kinachotoka ni mngurumo. Ananguruma kwa upole, anatazama mbele. Kisha lori linakata pumzi katikati ya mlima, linasimama, na anainua kiganja. Ishara hiyo naijua. Lori likisimama mlimani, wa kiti cha utingo anaruka na kuweka gogo nyuma ya tairi. Alinifundisha likizo moja nikiwa darasa la sita: unaruka kwanza, kufikiri baadaye.

Naruka. Nyuma kuna magogo matatu. Moja lina muhuri katikati. Moja linashika kwa dakika kumi. La tatu limekuja na mkewe.

Lori linaanza kurudi nyuma.

"Baba, subiri!" napiga kelele. "Nasoma kwanza maoni ya waliowahi kuyatumia!"

Hakasiriki. Angekasirika ningeshukuru. Anafungua mlango, anashuka kwa miguu yake yote miwili, mizima, dole gumba limejaa grisi. Anakuja mpaka usoni pangu na kubonyeza hewa mbele ya pua yangu. Nasikia mlio wa kipanya cha kompyuta, na sauti yake inarudi.

"Ni hapa tu, Ambakisye," anasema. "Hapa tu."

"Baba, lile jina. Ulimtaja nani?"

"Nilishakwambia."

"Niambie tena."

"Ulikuwa unatazama kompyuta."

Anapanda lori lake, linarudi nyuma taratibu, linapita juu ya magogo yote matatu na kupotea kwenye kona. Nikaamka.

Kulikuwa kumeshakucha. Nielezwe na yeyote anayeweza: kompyuta ilikuwa imewaka, nami niliizima nikiwa na akili zangu. Siku tuliyorudi kutoka makaburini nilikisafisha kioo cha skrini kwa spiriti, nikafuta alama zote za baba, eti wageni wanakuja. Asubuhi hii kulikuwa na alama moja ya dole gumba, nyeusi. Niliinusa. Grisi.

Chini ya alama ile programu ya kurekodi ilikuwa wazi, na kisanduku cha maikrofoni kimewekwa alama ya vema. Pembeni yake mstari wa kijani ulikuwa umelala, unasubiri mtu aseme.

"Baba," nikasema.

Mstari ukapanda, ukashuka, ukalala tena. Maikrofoni inafanya kazi vizuri kabisa.