Kila Kikombe Kionjwe

Siku ile Katungu, muuguzi wa kituo kimoja cha afya katika komini ya Ruwenzori, mjini Beni, alimwomba Mungu jambo moja tu: asianguke. Mengine yote angeyamudu.

Utafiti aliopewa kuufanya siku hiyo ulikuwa wa Daktari Malachie wa Butembo. Mwaka ule wa 2014, watu waliokimbia mauaji ya Mbau walifika mjini shinikizo la damu likiwa limewapanda, wengine ishirini kwa kumi na mbili badala ya kumi na mbili kwa nane, na vidonge vilikuwa vimekwisha kwa sababu malori yaliogopa barabara. Daktari alisema lenga-lenga, yaani mchicha, na betravi, ile mizizi myekundu, zina kitu ambacho mate hukigeuza kuwa nitriti, na nitriti ikiingia damuni hulegeza mishipa. Basi zisagwe, wanywe, wapimwe. Karatasi ndogo ikiwekwa ulimini na kugeuka ya waridi, ujue nitriti ipo. Rahisi kama kumenya ndizi, kwa mtu aliyekaa Butembo.

Lakini Beni hakuna anayepokea kinywaji kabla mwenye kukitoa hajakionja. Ni adabu, tena ni woga: watu husema sumu hufichwa chini ya ukucha, kidole kikigusa kikombe umekwisha. Kwa hiyo kuonja jagi hakutoshi. Huonjwa kikombe, na vikombe vilikuwa kumi na vinne.

"Hapana kugusisha mudomo tu, munganga," alisema Mama Agar, mjane wa Mbau ambaye wakimbizi wenzake walimsikiliza kuliko chifu. "Meza. Tuone koo."

Katungu akameza funda kubwa, kikombe baada ya kikombe. Kilichomtia hofu ni kwamba alikuwa katika mfungo. Kanisa lao lilikuwa na siku tatu za maombi kwa ajili ya vita, na tangu jana hakutia chakula tumboni. Isitoshe, damu yake ni ya chini tangu utotoni. Haina pa kushukia.

"Sasa munywe, bamama," alisema.

"Bado," Agar akajibu. "Sumu haina haraka. Tutangoja saa mbili. Ukibakia muzima, tutakunywa."

Hapo Katungu akajua amekalia kuti kavu. Ndani ya saa mbili hizo ndipo nitriti hupanda kuliko wakati wote. Watu kumi na wanne walimkodolea macho. Mwezi uliopita, katika kijiji kimoja, muuza pombe alipigwa mawe kwa sababu tu mgeni wake alitapika. Jasho la baridi likamtoka, masikio yakaanza kuvuma. Akajilaumu, akamlaumu Malachie na elimu yake, akailaumu hata betravi isiyo na kosa.

"Simama, tuone," Agar akasema saa mbili zilipotimia.

Angeweza kusingizia ganzi ya mguu. Lakini watu hawa walikuwa hai kwa sababu ya kusoma nyuso za wengine, na uongo wangeunusa. Akamgeukia Ornella, msaidizi wake. "Nipime. Soma kwa sauti, basikie."

Ornella akapampu. "Nane kwa tano," alisema.

Mzee Muyisa, mmoja wa wakimbizi hao, akainuka na fimbo yake. "Njo vile nilisema! Anaanza kufa!"

"Nikisimama, nitaanguka," Katungu alisema. "Tension yangu iko chini tangu zamani, tena sijakula. Hii kitu inashusha, njo kazi yake. Kwenu iko juu sana. Kwangu ilikosa fasi ya kushuka. Naogopa, lakini sibadanganye."

Muyisa hakuketi. Ndipo Mama Agar akachukua kikombe chake, na Katungu akahisi moyo unamfunguka kwa furaha. Ameamini! Agar alikitazama kikombe, kisha akamtazama yeye.

"Ikiwa dawa, aksanti," alisema taratibu. "Ikiwa sumu, batoto yangu batatu bananingojea chini ya udongo kule Mbau. Basi hakuna kitu nitapoteza."

Akanywa yote. Katungu alinyoosha mkono amzuie, lakini mkono haukuwa na nguvu. Wengine, walipomwona mkubwa wao amekunywa, wakanywa mmoja mmoja, na Muyisa wa mwisho.

Baadaye damu ya Agar ilipimwa: kutoka kumi na tisa hadi kumi na saba. Karatasi yake ilikuwa ya waridi, safi kabisa. Daktari Malachie angecheza ngoma. Katungu, aliyelazwa mkekani miguu ikiwa juu ya mto, alitaka kufurahi akashindwa, akalia.

Ornella akamwinamia na fomu mkononi. "Mama Katungu, hapa banauliza kama Mama Agar alikubali kwa mapenzi yake mwenyewe. Niandike nini?"

Katungu akaisukuma fomu kando.

"Iache kwanza," alisema. "Enda uikale karibu na Mama Agar."