Jiwe la Kukigeuza Kisu cha Shoto

Kisu kilikuwa kinakwenda upande. Mke wa Shoto akikishusha kwenye kabichi kinyooke, chenyewe kinapinda kama mlevi anayetafuta mlango wa kwao, na vipande vinatoka vinene juu, vyembamba chini. Wifi yake, aliyekuwa akimenya viazi kando ya jiko, akamwambia leo wateja watadhani kabichi limetafunwa kwanza ndipo likapikwa.

Mgahawa ulikuwa wa wao wawili, yeye na huyo wifi, dada yake Shoto. Shoto mwenyewe alikuwa mpishi kwenye meli za watalii, huko kwenye maji ya watu. Mtaa ulimwita hivyo kwa sababu mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa na akili. Wa kulia, dada yake alikuwa akisema, Mungu alimpa wa kushikia kikombe tu. Kisu hicho cha Kijapani alikileta safari ya kwanza, kimeviringishwa ndani ya shati. Safari ya mwisho alikiacha juu ya meza ya jikoni, makusudi, akamwambia mkewe, "Mpishi haachi kisu chake. Ukikiona hapa, jua nakuja kukifuata."

Maneno matamu hayo. Mwanamke mwingine angedai pete. Huyu aliachiwa kisu na akaridhika. Mwanzoni simu zilikuja kila meli ikitia nanga. Baadaye zikawa za mara moja moja, kisha za kuulizia afya ya dada, kisha kimya. Kufa hakufa, maana wenzake waliorudi walisema wamemwona, mzima, tena amenenepa. Hilo ndilo lililomkata maini mkewe. Amenenepa kwa mkono wa nani?

Asiyekuwepo na lake halipo, wamesema wahenga, lakini wahenga hawakuachiwa kisu cha mtu jikoni. Kila asubuhi akikishika, mpini ulikuwa na kibonde mahali gumba la Shoto lilipozoea kukaa, upande usio wake. Gumba lake yeye halikupata pa kukaa. Na bado alikishika hicho hicho, visu vingine vikiota kutu kwenye droo.

Siku hiyo ya kabichi akakifunga kwenye kitambaa, akaenda duka la vyombo kutafuta jiwe la kunolea. Muuzaji alikuwa mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu asiyeharakishwa hata na moto. Akampangia mawe juu ya kaunta, akamwambia apitishe kidole. La kwanza lilikuwa kama ulimi wa paka. La katikati kama kisigino kilichosuguliwa juzi. La mwisho lilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Yeye akasema anataka zuri. Mzee akacheka, akasema mazuri yote, lakini jiwe halichaguliwi kabla ya kisu, akifunue kwanza.

Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa ncha, akageuza huku, akageuza kule.

"Mwenyewe ana shoto," akasema.

Mke wa Shoto akahisi kama mtu amemtajia mumewe kwa jina. Mzee akamweleza kwamba kisu kilitoka kiwandani kimenolewa sawa pande zote mbili, ila mwenyewe amekinoa miaka na miaka akiegemea upande mmoja, mpaka makali yote yamehamia huko. Kwake yeye kilikuwa kinanyooka. Kwa mtu wa mkono wa kulia, lazima kipinde.

"Ukitaka kibaki alivyokizoea, chukua hili laini, litakirudishia ukali tu. Ukitaka kikusikie wewe, chukua hili linalokwaruza, ukile upande wa pili mpaka kigeuke. Lakini kikigeuka, mama, hakitamjua tena."

Akalichukua laini. Akafika nalo mlangoni. Pale mlangoni akamkumbuka Shoto kwenye sinki asubuhi, bega la kushoto limeshuka, anapiga mluzi bila wimbo, jiwe linaitika shwa, shwa. Mwinamo ule wa makali ndio bega lile. Hakuna kingine chake kilichobaki nyumbani kikiwa bado na umbo lake. Akasimama mpaka mteja mwingine akaomba njia. Kisha akarudi kwenye kaunta, akaliweka laini, akalinyanyua la ulimi wa paka. Mzee akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi.

Aliporudi jikoni alilitumbukiza jiwe kwenye beseni, likatoa mapovu kama mtoto anayechezea kikombe. Wifi akauliza jiwe gani hilo linalokoroma. Akaambiwa yote. Kisu cha viazi kikabaki hewani mkononi mwa wifi.

"Ukikigeuza, kaka akirudi atakatia nini?"

"Akirudi, wifi yangu, atajifunza wa kulia. Mimi wa kushoto umenishinda."

Akaanza. Tope la kijivu likatoka, likamjaa vidoleni, likateremka kwenye sinki, na kila alipolimwagia maji alijua anamwaga nini. Wifi alijipangusa macho kwa upande wa kanga. Viazi havilizi mtu, lakini mwenzake hakumuuliza.

Alipomaliza akachukua nyanya. Kisu kikashuka chenyewe, kimenyooka, vipande vikalala kama karata. Wifi akakipokea akikague, maana yeye hupenda kupata kasoro. Akaipata. Karibu na mpini, upana wa gumba, makali yalikuwa hayajaguswa, bado yameegemea kule kule kwa zamani.

"Hapa umepasahau."

"Sijapasahau," akasema mke wa Shoto, akikiosha. "Hapo pa vitunguu saumu."

Wifi akaitikia kwamba ni kweli, vitunguu saumu vinataka pahali pake.

Ila vitunguu saumu, siku hiyo na zilizofuata, wote wawili waliviponda kwenye kinu.