Bomba la Fundi Mwenyewe

Tarehe kumi na nne Mei. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu yasiyo na haraka, yale yanayolowesha mabega kabla mtu hajajua kama mvua imeanza.

Mezani tulikuwa watatu: mimi fundi bomba, mke wangu, na mkwe wetu, mke wa mwanetu, ambaye ndiye aliyepika. Nikafumba macho kuombea chakula. Nikamshukuru Mungu kwa mikono iliyopika, kwa paa, kwa misumari ya paa, kwa majirani wa kulia, kisha wa kushoto. Nilipowafikia wagonjwa wa dunia nzima, chai ilikuwa imeota utando.

Nyumbani walidhani uchaji wangu umezidi. Ukweli, Mola anisamehe, ni kwamba niliogopa kumeza. Kwa miezi minne chakula kigumu kilikuwa kikishuka hadi katikati ya kifua na kukaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Nilikisukuma kwa maji. Yakishindwa, nilisimama nikarukaruka kidogo, na mkwe akiuliza nilimwambia ni mazoezi. Kiungulia nilikuwa nacho miaka mingi, nikakizoea kama kelele za jirani. Mkanda wangu ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya.

Mkwe, mumewe akiwa safarini kikazi, aliamini kwamba sipendi mapishi yake. Alikuwa amemnong'oneza mke wangu kwamba mwisho wa mwezi atarudi kwao, labda baba atapata hamu ya kula. Mkoba wake ulikuwa tayari karibu na mlango.

Nikasema amina, nikamega mkate, nikameza. Ukakwama. Papo hapo simu ikalia.

Alikuwa mama mwenye saluni. Sinki lake, alisema, lilikuwa likipitisha maji polepole tangu mwezi wa kwanza, lakini kwa kuwa bado yanapita, hakuona haja ya mimi kuja na waya wangu wa kuzibulia. Alikuwa anamimina maji ya moto tu. Nikamkaripia huku nikisugua kifua.

"Mama, bomba likipitisha polepole limeshakuambia. Unangoja lizibe kabisa ndipo uniite? Na hayo maji hayazibui. Yanakudanganya."

Nilipokata simu, mke wangu alikuwa anautazama mkono wangu kifuani, kisha glasi yangu ya tatu ya maji.

"Fundi," akasema taratibu, "hebu rudia hayo uliyomwambia mwenye saluni."

Nikajibu kwamba hayo ni mambo ya kazi. Akasema kazi ni ile ile, bomba tu ndilo tofauti. Mkwe akaweka kijiko chini, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si chakula changu, baba?"

"Chakula chako kitamu, mwanangu. Shida ni kwamba hakifiki."

Hapo ikabidi niseme yote. Nilikuwa nimesikia kwamba hospitalini wanapitisha mpira wenye kamera kooni. Mimi nimepitisha waya kwenye mabomba ya watu miaka thelathini. Najua unavyogonga kwenye kona, na najua maneno ninayoyasema unapogoma. Sikutaka daktari ayaseme juu yangu.

Mke wangu akacheka hadi akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akaenda kuvaa viatu.

Daktari, dada wa umri wa mwanangu, akanipangia siku ya kuja bila kula. Siku hiyo, nilipolazwa kitandani hospitalini, nikaomba nisali kwanza. Alingoja kwa heshima. Nilipowafikia majirani wa kushoto, mke wangu akasema amina kwa niaba yangu, na dawa ya usingizi ikamalizia.

Nilipoamka, daktari akanieleza kwamba asidi ya tumbo ilikuwa imeuchubua umio, njia ya chakula, kwa miaka, ukabaki na kovu na kuwa mwembamba. Alikuwa ameupanua kwa puto dogo. Kipande alichochukua kupima kilikuja kuonekana salama. Akaniagiza nimeze dawa kila siku, nitafune vizuri na nisilale nikitoka kula. Nikauliza kama mpira uligonga kona. Akasema haukugonga, ila ningekuja mapema kazi ingekuwa nyepesi. Maneno hayo mimi mwenyewe nimewaambia nusu ya mji.

Jumapili iliyofuata mwenye saluni alikuja mwenyewe kunichukua, kwa sababu sinki lake lilikuwa limeziba kabisa. Alitukuta mezani, akavutiwa kiti. Mkoba wa mkwe ulikuwa bado karibu na mlango. Nikamega mkate, nikatafuna mpaka mke wangu akaanza kuhesabu, nikameza. Ukashuka. Nikasubiri kidogo, nikamega mwingine.

Mkwe aliinuka, akaurudisha mkoba chumbani. Aliporudi, nikasimama.

"Mbele za Mungu, na mbele yenu nyote watatu, naahidi: chakula kikinikwama tena nitasema siku ile ile, kabla ya glasi ya pili ya maji. Na sala ya chakula haitavuka paa."