Mashine ya Kuitikia Shikamoo

Naznin, mke wa Tanvir mwenye duka, ana akili. Anayebisha aje anibishie hapa hapa Nyasubi, kwenye meza yangu ya maandazi.

Mwaka tisini na sita, duka lao tu ndilo lililokuwa na simu mtaani kwetu. Ndugu zetu walioko Geita na Mwanza walipiga pale, wakaacha maneno, nasi tukaenda kuyachukua. Shida ilikuwa saa ambazo duka limefungwa. Ndipo Tanvir akaleta mashine mbili za kupokea simu, azijaribu, anunue moja. Moja ndogo, inang'aa, lakini inabeba maneno machache tu ya kumkaribisha mpigaji. Nyingine dude kubwa la kaseti, kuukuu. Tanvir, unajua tena wanaume na vitu vinavyong'aa, akafunga ile ndogo na kuitilia sauti yake: "Acha ujumbe."

Wakati huo binti yangu Salvina alikuwa hospitali Mwanza, uchungu umemshinda, anangoja kupasuliwa. Mume wake, Bartholomeo, ndiye angepiga kunijulisha.

Asubuhi Naznin akaniita tusikilize. "Shikamoo," ikasema sauti ya mkwe wangu. Kimya. "Shikamoo mzee." Kimya tena, kisha akakata. Nikakaa sakafuni. Mtu anasalimia kwa sauti nzito hivyo halafu hasemi kitu, wewe ungefikiri nini?

Naznin akaendelea kusikiliza simu za wengine. Mchimbaji wa Katoro, mama mmoja wa Ushirombo, wote vilevile: wamesalimia, wamengoja, wamekata.

"Mama Salvina, inuka," akaniambia. "Hawa hawajaitikiwa. Nani huku anaeleza shida yake kabla hajaitikiwa salamu?"

Tanvir akasema watu watazoea.

"Wazoee lini, na mama huyu anangoja leo?"

Akaichomoa ile ya kung'aa, akafunga lile dude, maana kaseti yake inabeba maneno marefu, hata kimya katikati. Akanisogezea. "Mimi mdogo, siwezi kuwaitikia watu wazima. Sema wewe."

Nikasema haloo, nikanyamaza wasalimie. Nikaitikia: "Marahaba, hujambo?" Nikanyamaza. "Za huko?" Nikanyamaza. "Haya, ukisikia mlio, niambie yote, nakusikiliza." Hayo yote alinipangia yeye, na kila kimya alikipima kwa kusalimiana na mimi kwanza. Mpaka leo namvulia kilemba.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, wakafunga duka kwenda kuswali. Waliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni. Naznin akabonyeza.

"Mama, wamempasua salama," ikasema sauti ya Bartholomeo. "Mtoto wa kike. Salvina amezinduka, anakuulizia wewe." Akangoja. "Mama? Mbona umenyamaza? Usilie, mama. Wote wazima."

Nami nilikuwa nalia kweli, nikaijibu mashine pale pale, "Nimenyamaza, baba."