Mgeni Asiyetukanwa

Kwetu Mithila, jamaa za bwana harusi wakija kula wali kwa kina bibi harusi, wanaume huketi chini mstari mmoja, majani ya mgomba mbele yao, na wanawake huwatukana kwa nyimbo. Mmoja mmoja, kwa jina. Huyu mamake alitoroka na muuza bangili, yule shangazi yake ana ndevu kumshinda. Ukitukanwa unacheka na kuongezewa samaki. Usipotukanwa, heri ungebaki nyumbani ukala na ng'ombe, kwa sababu hukuhesabiwa kuwa mtu.

Basi siku dada yangu alipoolewa, Profesa Tarakant Mishra aliingia uani kwetu na jamaa za bwana harusi. Bibi yangu akatema tambuu.

"Mwizi kaja. Tena kavaa hariri."

Miaka kumi na miwili nyuma, profesa huyu aliketi barazani kwa Bibi miezi mitatu na kinasa sauti chake, akinywa chai kumi kwa siku. Kazi yake kumwambia Bibi: sema "nilikula", sema "tutakula", sema "ungekula". Bibi alidhani mwanamume ana njaa, akawa anampikia. Kumbe alikuwa akifuata nyayo za vitenzi vyetu tangu enzi za mababu.

Kitabu kikatoka. Nilikisoma mimi, nilipomaliza shule, katika maktaba ya chuo. Kizuri, sitasema uongo. Kinaeleza jinsi watu wa kale walivyochoka kusema "nilikula wali", wakaanza kusema "wali umeliwa nami". Na jinsi "nitakula" yetu ya leo ilivyozaliwa kutoka "ni lazima kuliwa". Yaani kila tukiahidi jambo, babu wa babu anatushika sikio kutoka kaburini. Na Bibi? Yumo, ukurasa wa mia mbili na nne, chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani: "Msemaji: mwanamke mmoja mzee, asiyejua kusoma, lugha yake imeharibika."

Nilimsomea. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaenda kusaga haradali mpaka jiwe likalia.

Sasa profesa alitaka kutoa kitabu upya, na umbo moja la kitenzi alikuwa amelikosa: lile la zamani, la siku ambazo kusema "utafanya" bado kulikuwa kutoa amri. Alilisikia kwa Bibi mara moja tu, kinasa sauti kimeisha betri. Limo katika ubeti wa mwisho wa matusi, ule anaoimbiwa mgeni mkubwa kuliko wote. Wenzake Bibi walioujua wamekwisha kufa. Na tazama miujiza: bwana harusi ni mpwa wa profesa, na mkubwa wa wageni ni nani? Ni yeye mwenyewe.

"Shemeji, bado una hasira?" alimwuliza Bibi kabla ya chakula, meno nje.

"Hasira ya nini? Lugha yangu imeharibika, na hasira nayo imechacha."

"Lile ni neno la kitaalamu tu, shemeji."

"Na mimi nina utaalamu wangu. Buchiya! Niletee fagio."

"Fagio liko jikoni linatumika, Bibi," nikasema.

"Basi atasubiri."

Profesa akanigeukia. "Wewe umesoma kidogo, mweleze. Bila mimi maneno haya yatakufa naye."

"Na bila yeye, Profesa, wewe ungekuwa unafundisha hesabu."

Akanitazama kama inzi kwenye mtindi.

Wakaketi kula. Profesa alitia simu kwenye mfuko wa shati, inanasa. Wanawake wakaanza nyuma ya pazia, Bibi mbele. Wakamtukana baba yake bwana harusi, wakamtukana kinyozi wao, wakamtukana hata dereva wa basi walilokuja nalo, akafurahi akaomba samaki wa tatu. Kisha ngoma ikanyamaza.

"Mbona kimya?" aliuliza baba yake bwana harusi. "Amebaki mmoja!"

"Nani?" Bibi akajibu kutoka nyuma ya pazia.

"Profesa!"

"Simwoni profesa. Namwona mwanamume mmoja mzee, asiyejua kupika. Shati lake limeharibika."

Kweli, lilikuwa na tone la dengu. Wanawake walicheka mpaka pazia likatikisika. Wanaume hawakujua wacheke au watafune. Profesa peke yake ndiye aliyeelewa, na uso ukamwiva.

"Nitakuandika!" akasema. "Naapa mbele ya hawa wote. Kitabu kipya kitakuwa na jina lako."

"Litaje nilisikie. Ukilitaja, naimba."

Kwetu mwanamke akiolewa jina lake hubaki alikozaliwa. Bibi ameitwa "Wa Pilakhwar", kijiji alikozaliwa, miaka hamsini. Profesa akageuka kulia, akageuka kushoto. Baba yangu mdogo, aliyetoka tumboni mwa Bibi, akataka kusema. Bibi akamtazama kupitia pazia, naye akajijaza wali mdomoni. Profesa akaniona mimi na upawa wangu.

"Buchiya, mwanangu..."

"Nikuongeze dengu, Profesa?"

"Miezi mitatu," alisema Bibi, taratibu. "Chai mia tisa. Hukuuliza."

Profesa akainuka kabla mtindi haujagawiwa, jambo ambalo kwetu ni kumtemea mwenyeji usoni. "Mwanamke mjinga! Utaizika lugha ya watu kwa ajili ya kijina chako!"

"Nitazikwa nayo. Wewe ulishanizika mapema, ukurasa wa mia mbili na nne."

Akaondoka mkono haujaoshwa.

Kitabu kipya kilifika maktaba mwaka uliofuata. Mwanamke mmoja mzee yupo palepale, ameharibika vilevile, na chini yake imeongezwa: "Umbo hili halikupatikana."

Nilipomsomea, Bibi aliuliza, "Halikupatikana na nani?"

"Hajasema."

Alicheka mpaka akapaliwa na tambuu.

Mimi nilirudi maktaba na kalamu ya wino, nikaandika pembeni: "Lilikuwa kwa Rampari Devi, wa Pilakhwar. Ungemwuliza." Mkutubi amenifungia kadi mwaka mzima. Anasema nimeharibu kitabu.