Kidole kwenye Mguu wa Bella

Muuguzi Firmin alimpima Bella mara mbili, kisha akaniangalia mimi mama yake, si mtoto. Miaka tisa, kilo hamsini na nane. Mwezi uliopita alikuwa na hamsini na sita. Sukari nayo ilikuwa imepanda. Akasema mwezi ujao ikiwa hali ni hii hii, atamtuma Bukavu akaanze sindano, na huenda zikawa sindano za maisha. Nilitoka pale na hasira.

Hasira, kwa sababu mimi nilikuwa nimetii kila kitu. Soda nimekata, maandazi nimekata. Shuleni haendi tena kwa pikipiki, tunatembea naye kutoka nyumbani Kalundu hadi mlango wa shule, malori yakitutimulia vumbi. Nakiri, zamani mimi ndiye niliyemfungia uani kwa kuogopa risasi na kumtuliza kwa biskuti. Nakiri pia kwamba majirani wakisema kazi ya baba yake bandarini inaonekana kwa unene wa mtoto, nilifurahi hadi nikaona haya. Lakini hayo niliyaacha. Sasa kulikuwa na mtu anayemlisha mwanangu kwa siri, na nilikuwa na hakika ni nani.

Mama mkwe wangu, Capitoline, anaishi nyumba ndogo ya nyuma tangu alipokimbia vita kule Nyakabere. Nikamwambia naenda sokoni, nikamwachia Bella. Nilifika njia panda tu, nikarudi kwa kichochoro, nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko.

Sahani mbele ya Bella ilikuwa imejaa wali na samaki. Juu yake bibi alikuwa anakamulia pakiti ya siagi ya karanga, ile inayogawiwa watoto waliokonda kwenye vituo vya afya. Bella alishashiba, alitafuna kwa shida, macho yamelegea. Bibi akamwambia amalize.

Nikaingia, nikainyakua ile sahani, wali ukamwagika sakafuni. Nikasema neno ambalo mke hamwambii mama wa mume wake.

"Mama, unamuua mtoto wangu."

Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Alivuta mguu wa Bella akauweka mapajani mwake.

"Huyu mutoto iko navimba, Mama Bella. Weye hauone? Ni bwaki hii. Minye niliiona."

Ndipo akanieleza, taratibu, bila kuniangalia. Alikuwa na binti wa kwanza, Generose, miaka minne. Mwaka wa vita vya zamani walilala porini, wakala majani. Generose akaanza kunenepa uso na miguu. Wanawake waliokuwa nao wakamtania mama mkwe kwamba anaficha chakula, naye akafurahi. Kile kidogo alichopata akawapa wadogo zake, maana Generose alionekana ameshiba. Alipomfikisha kwa muuguzi, akaambiwa ni bwaki, kwamba njaa nayo huvimbisha mwili. Walimzika kando ya barabara ya Sange.

Miaka kumi na miwili nimeishi na familia hii, na jina la Generose sikuwahi kulisikia. Moyo uliniuma, lakini hofu ya mwanangu haikuondoka.

Nikapiga magoti. Nikashika kidole cha bibi, nikakikandamiza kwenye muundi wa Bella, kwa nguvu. Yeye mwenyewe alijua: mwenye bwaki, ukiinua kidole, shimo linabaki. Nikakiinua. Nyama ikarudi palepale.

Akabonyeza tena peke yake, chini zaidi. Akahamia mguu wa pili. Bella alicheka kwa kutekenywa, halafu akaona uso wa bibi yake, akaacha.

"Shimo haiko," bibi akasema.

"Haiko, Mama. Huyu ameshiba."

Akatazama wali uliotapakaa sakafuni.

"Basi minye nilikuwa namulisha nani?"

Nikakumbuka lile kaburi la kando ya barabara. Nilibaki nimepiga magoti, nimeushika mkono wake.